Siku Afisa wa Kazi Alipouliza Mke Ni Yupi

"Huyu si mke wangu, bwana. Huyu hunifulia nguo tu!"

Jamani... mume wangu alisema hivyo mbele ya shamba zima, na mimi nimesimama pembeni yake na mimba ya miezi saba!

Naitwa Matilda. Sasa ni bibi, lakini nikikumbuka ule mwaka wa 1956 uso bado unaniwaka.

Ilikuwa kwenye shamba la chai, karibu na Igowole. Jailos aliletwa na mwajiri kwa mkataba, yeye na wenzake kutoka Nyasaland, Malawi ya leo. Aliapa mbele ya baba yangu kwamba hajawahi kuoa, akatoa mahari, tukapewa nyumba ya wenye familia.

Asubuhi hiyo akaja afisa wa kazi kutoka Iringa, kukagua kama wageni wanatunzwa: nyumba, posho, maji. Tukapangwa milangoni.

Akafika kwetu.

"Mkeo ni huyu?"

Jailos alikuwa anatazama gari la afisa. Ndipo akanikana!

Watu wakacheka. Nikavuta kanga nifunike tumbo. Tumbo la miezi saba, nyie, unalifunika na nini?

"Vizuri," afisa akasema. "Maana mkeo nimekuja naye. Alifika ofisini anakutafuta."

Akashuka mwanamke mwembamba, miguu vumbi tupu.

Nikainama. Nilijiona kama mwizi aliyekamatwa na mali ya mtu!

"Rozalia! Mke wangu!" Jailos akamkimbilia.

Rozalia akampita. Alinitazama mimi. Akatazama tumbo...

"Bwana," akamwambia afisa, "nimekosea shamba. Huyu simjui. Mume wangu alikuwa mtu mwenye haya."

Weee! Kicheko kikakatika!

Afisa akamgeukia msimamizi.

"Kumbe huyu hana mke? Nyumba ya familia anaikaliaje? Ahamie kwa makapera!"

Akahama palepale, mkeka kichwani.

Rozalia akaja akanishika mkono.

"Kwenu wapi, mdogo wangu? Nikusindikize."

"Dada, sikujua..."

"Najua hukujua. Twende."

Njia nzima nilishindwa kumtazama usoni. Yeye, aliyetoka mbali vile kumtafuta mumewe, ndiye aliyenibebea furushi langu mpaka kwa baba!

Mabinti, kabla ya kupokea mahari ya mtu, ulizeni kwao. Na mkidanganywa, aibu mwachieni aliyedanganya.

Mimi niliibeba ya Jailos miaka mingi mno.