Waranti Haihusu Mayai

Barua ya wakili ilimtaka Shamsia arudishe pesa yote ya mashine na alipe mayai mia mbili na arobaini yaliyooza ndani yake. Akishindwa, wakutane mahakamani. Mashine ilikuwa bado ndani ya waranti. Mlalamikaji alikuwa Seifu Mwinyimadi wa Kisarawe, mwanamume ambaye mwezi huohuo alikuwa akimwita laazizi.

Shamsia aliisoma amesimama mlangoni mwa duka lake pale Maili Moja, Kibaha, mtandio umemwangukia mabegani. Alikuwa akiuza mashine za kutotolesha vifaranga, zinazotengenezwa na fundi wake Ponsiano uani nyuma ya duka. Alipomaliza kusoma aliikunja barua akamgeukia fundi.

"Ponsiano, hivi mtu aliyekula biriani la mkono wako anaweza kukushtaki?"

"Anaweza, bosi. Si ameshiba?"

Shamsia na Seifu walikutana sokoni hapohapo Maili Moja, Jumamosi moja watu wamejaa mpaka barabarani. Shamsia alikuwa amezipanga mashine zake nje, na moja ilikuwa ndiyo kwanza inatotoa. Vifaranga vililia, watoto wakasukumana, wauza nyanya wakaacha nyanya zao. Katikati ya fujo hiyo, mwanamume mrefu mwenye shati la drafti na makubazi ya ngozi aliinama, pua imegusa kioo, akakaa hivyo muda mrefu.

"Kaka, hiyo ni mashine, siyo televisheni," Shamsia alimwambia. Alivaa dera la zambarau siku hiyo, na hina yake ilikuwa mbichi. "Unanunua au unatazama?"

"Namtazama muuzaji. Mashine nitaitazama baadaye."

"Muuzaji hauzwi."

"Basi nipe bei ya mashine, na namba ya simu ya muuzaji."

"Namba ipo kwenye kadi ya waranti. Mwaka mzima. Ikigoma, fundi anakuja mpaka kwako."

"Na mayai yakiharibika huko kwetu Kisarawe?"

"Yakiharibika nakuja Kisarawe nitage mwenyewe!"

Watu wakaangua kicheko, na Seifu akanunua. Siku ile angenunua hata kabati tupu.

Simu zikaanza. Asubuhi Seifu alipiga kutoa habari za mashine, jioni alipiga bila habari yoyote.

"Joto linasomaje?" Shamsia aliuliza.

"Mashine ipo sawasawa. Mimi ndiye nimezidi."

"Kunywa maji, ulale."

"Maji ya Kisarawe hayapozi, laazizi. Nipoze wewe."

Mzao wa kwanza ulitoka vizuri. Sifa zikasambaa, na wafugaji wa Kurui wakaanza kumletea Seifu mayai ya kuku wao wa kienyeji awatotoleshee kwa malipo. Alijaza trei zote. Wakati mayai hayo yapo ndani, alikwenda Kibaha, akajitambulisha kwa shangazi yake Shamsia, akala biriani la mkono wa Shamsia mpaka akafungua kishikizo cha shati. Akalala kwa rafiki yake anayekaa mtaa wa Tumbi, kama adabu inavyotaka. Alirudi Kisarawe kesho yake akiimba.

Siku ya vifaranga kutoka ilipofika, hakikutoka hata kimoja.

"Shamsia, yote viza," alisema kwenye simu. Sauti yake ilikuwa kavu. "Watu wa Kurui wamekaa barazani kwangu hapa, wananitazama."

"Pole, mpenzi wangu. Umeme ulikatika?"

"Haukukatika."

"Una hakika? Maana mashine zangu..."

"Mashine zako nini? Mwongo ni mimi, siyo?"

"Sijasema hivyo. Ponsiano atakuja aiangalie. Lakini mayai, Seifu... waranti haihusu mayai. Imeandikwa."

"Siku unaniuzia ulisema utataga mwenyewe."

"Ule ulikuwa utani!"

"Ahaa. Na yale mengine uliyoniambia, nayo utani?"

"Yapi? Au na wewe ulinipenda ili upate punguzo?"

Simu ikakatwa. Seifu aliona mwanamke anatumia mapenzi kumziba mdomo mteja. Shamsia aliona mteja anatumia mapenzi kumkamua muuzaji. Wote wawili walikuwa wapumbavu, lakini upumbavu huo ungeweza kuisha kwa simu nyingine moja. Seifu hakuipiga. Ponsiano alipopiga kuomba siku ya kwenda, hakupokea. Alikwenda kwa binamu yake Hussen, karani wa wakili mmoja mjini, kijana anayependa barua zenye muhuri kama wengine wanavyopenda pilau.

Hussen aliiandaa barua, Seifu akaisaini, wakili akaipiga muhuri. Ndani yake kulikuwa na mstari huu: "Muuzaji aliahidi kwa kinywa chake, mbele ya mashahidi, kwamba angetaga." Watu wazima waliosoma waliandika hivyo. Kisha Hussen, bila kutumwa na mtu, akachukua picha ya Shamsia aliyoiona kwenye simu ya Seifu, akairusha kwenye kundi la WhatsApp la wafugaji wa kuku wa Pwani nzima. Chini yake aliandika neno moja: TAPELI.

Barua mtu anaweza kuificha kwenye droo. Picha ile ilifika kila banda. Mwanamke wa Gwata aliyekwisha kutoa malipo ya awali alikuja kuyadai. Mzee wa Magindu alirudisha mashine ambayo hata hakuwa ameichomeka kwenye umeme. Muuza nyanya wa jirani, aliyevishangilia vifaranga siku ile, alimwuliza Shamsia mbele za watu: "Kumbe ndivyo unavyokula, dada?" Shamsia alikuwa ameachika miaka minne nyuma akiwa na begi moja la nguo. Duka lile lilikuwa ndilo jina lake. Sasa mtu aliyemwamini alikuwa amelitupa jalalani, na hakuwa amejisumbua kuuliza swali la pili.

Alivaa baibui jeusi, akaunganisha magari mpaka Kisarawe.

Nyumbani kwa Seifu alimkuta mama yake, Bi Mwanamvua, amekaa mkekani anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Seifu katoka kidogo."

"Natoka Kibaha. Nimekuja kuiangalia mashine."

"Aa, fundi mwanamke! Ingia, ingia. Kabati lenyewe lile, limetutia aibu na watu wa Kurui."

Shamsia aliiwasha. Joto lilipanda, likafika panapotakiwa, likatulia. Alikagua nyaya, feni, trei. Hapakuwa na kosa.

"Mama, haikuzimwa hata siku moja?"

"Hata moja. Nailinda mimi mwenyewe." Bi Mwanamvua akawaza. "Labda siku ile Naila anamtoa mwali wake. Nyumba ya pili hiyo hapo. Walivuta umeme kwetu."

"Walivutaje?"

"Spika zilikuwa kubwa, na waya wao unafika kwenye soketi hii tu ya dirishani. Tukalichomoa kabati, wakachomeka muziki. Asubuhi nikalirudisha kwa mkono wangu. Na umeme wa Luku walinunua wao, watu wazuri wale."

"Usiku kucha, mama?"

"Kwani shughuli ya mwali inaisha magharibi?"

Hakuwa anaficha chochote. Jirani akiwa na shughuli anapewa umeme, maji, masufuria na viti, na hakuna anayekumbuka kesho yake kwamba alitoa. Mtu akiuliza kama mashine imezimwa, jibu ni hapana, maana imezimwa kwa ajili ya jirani tu. Na siku hiyo ndiyo Seifu alikuwa Kibaha anafungua kishikizo cha shati.

Seifu aliwakuta hivyo, mashine inanguruma, mama anacheka. Shamsia hakucheka. Alimsimulia kwa maneno machache.

"Sikujua," Seifu alisema, uso umemshuka. "Wallahi sikujua, laazizi."

"Usiniite hivyo kwanza. Barua aliandika nani?"

"Hussen."

"Aliyesaini?"

"Mimi."

"Uliisoma?"

"Niliisoma."

"Ukaona imeandikwa nitage, ukasaini! Na picha yangu?"

"Ile ni Hussen. Nilimgombeza."

"Ulimgombeza chumbani. Mimi nimetukanwa Pwani nzima. Toa simu. Rekodi sauti, uitume kundi lilelile. Sema mashine haina kosa, na useme kilichotokea."

"Nitasema ni hitilafu ya umeme."

"Hiyo wataisikia kwamba mashine yangu haihimili umeme. Sema ilichomolewa."

Bi Mwanamvua alikuwa ameacha kucheka. "Utanitangaza mimi, Seifu? Mama yako? Kwa kumpa jirani umeme? Naila atasikia, wakwe zake watasikia, watasema shughuli ya mwanawe imeoza mayai ya watu."

"Nitasema nilichomoa mimi, mama."

"Hapana," Shamsia alisema. "Siku hiyo ulikuwa kwa shangazi yangu, na shangazi yangu anajua. Nimechoka kuitwa mwongo. Sitaanza kuwa mwongo leo kwa ajili yako."

Seifu alimtazama mama yake, akamtazama Shamsia. Jasho lilimtoka. Hatimaye alibonyeza simu.

"Wafugaji wenzangu, hapa ni Seifu wa Kisarawe. Yule dada wa Kibaha si tapeli. Mashine yake nzima. Nyumbani kwetu tuliichomoa usiku mzima ili jirani apate muziki wa shughuli, na mama aliirudisha asubuhi bila kujua kama kuna ubaya. Kosa ni letu. Kosa kubwa ni langu, kwa sababu nilikimbilia wakili kabla ya kuuliza nyumbani kwangu."

Akatuma. Bi Mwanamvua akaacha mchele wake hapohapo, akaingia ndani, akafunga mlango kwa komeo.

Seifu alimsindikiza Shamsia mpaka stendi.

"Nikituma washenga, watapokelewa?" Seifu aliuliza.

"Umenitukana mwezi huu, unaoa mwezi huu?"

"Hata mwaka ujao. Nitume?"

Shamsia alipanda gari, akakaa dirishani, akamwacha asimame juani kidogo.

"Watume. Lakini asiwe Hussen."

Walioana. Kesi haikufika mahakamani, na jambo lile liligharimu hivi. Mayai mia mbili na arobaini, ambayo Seifu aliwalipa watu wa Kurui kwa kuuza majogoo yake yote. Wateja kumi na mmoja wa Shamsia, wanne wakarudi, saba hawakurudi. Binamu mmoja, asiyeingia tena katika nyumba hiyo. Jirani mmoja, Naila, ambaye hakukosa lolote, na sasa akiwa na shughuli huvuta umeme nyumba ya mbali. Na mama mkwe, aliyekaa mkeka wa nyuma siku ya ndoa na kuondoka kabla ya chakula. Shamsia humwamkia kila wanapokutana. Bi Mwanamvua hujibu marahaba, na baada ya hapo hasemi neno.