Mfuko wa Shemeji Latifu

Bisha. Nakuruhusu ubishe. Si wewe uliyesema jana kijiweni kwamba mambo haya ni ya bibi zetu, na kwamba mtu mwenye simu ya vidole hatishwi na kitu? Haya. Kaa hapo, bisha mpaka mwisho, halafu tuone kama choo cha nje utakwenda peke yako.

Mimi ndiye Bilali wa mtaa wa Picha ya Ndege. Shule niliiacha kidato cha pili, na nasema niliiacha mimi, isije ikaonekana yenyewe ndiyo iliyoniacha. Kwa bodaboda, kuanzia Tumbi mpaka Zegereni, wenzangu wananijua kwa taa ya nyuma tu. Na uoga? Nimewahi kumkanyaga chatu nikarudi kumtazama usoni kama kaumia.

Jioni hiyo nilikuwa namtania Dotto, dereva mwenzangu, amenunua helmeti mpya, kaivaa imemkaa kama sufuria la ubwabwa. Simu ikaita. Raudha, mke wa shemeji Latifu.

Nikuweke sawa. Latifu alimwoa kwanza dada yangu, Mwanaasha. Dada akafariki, yeye akamwoa Raudha. Mama yangu akasema undugu haukatwi na jembe la kaburi, kwa hiyo shemeji akabaki shemeji, na nikitumwa nakwenda.

Raudha akaniambia Latifu ameanguka kazini, kiwandani huko Zegereni. Kizunguzungu tu. Wamemfikisha hospitali ya Tumbi, daktari amesema alale usiku mmoja waiangalie presha, asubuhi arudi kwake. Shida ni kwamba yeye Raudha alitoka Kisarawe mbio na kanga alizovaa, mgonjwa naye ana ovaroli la kazini. Hawana shuka, hawana hata mswaki. Niende nyumbani kwao nikawapangie mfuko wa kulala: shuka mbili, msuli, kanga, ndala, beseni na chupa ya chai. Ufunguo uko kwa jirani, Bi Tatu.

Nikakata kwa Kiluvya, vumbi nyuma, jua linazama upande wangu wa kulia. Kisarawe nikaingia adhana ya magharibi imeshakwisha. Umeme hakuna, mtaa mzima giza.

Bi Tatu aliitikia shikamoo yangu, akanyoosha ufunguo, lakini hakuuachia. Nilivuta, naye akavuta.

"Fungua uingie kimya," akasema. "Usibishe hodi."

Nikamuuliza kwa nini.

"Nyumba haina mtu. Ukibisha, utakuwa unamwita nani?"

Nikamwambia mimi nimelelewa na bibi, hata banda la kuku nalibishia hodi. Akauachia ufunguo.

Nyumba ya shemeji iko mwisho, inapakana na mikorosho. Mlango mmoja, madirisha ya nondo. Nikachomeka ufunguo, nikazungusha. Halafu, unanijua mimi, nikapaza sauti makusudi ili yule bibi asikie.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi wenyewe!"

Mikorosho ikatikisika kidogo... ikatulia.

"Karibu."

Ndani.

Sauti ya mwanamke, ya chini, kama mtu aliyelia mpaka sauti ikamkauka. Nikajipa moyo kwamba ni ndugu yake Raudha, kaja kulinda nyumba. Nikasukuma mlango, nikasema nimetumwa vitu vya mgonjwa.

"Nimeshapanga."

Harufu ikanipiga. Mafuta ya nazi, yale ya kujipaka mtu anayetoka kuoga. Na chini yake moshi, moshi wa nguo iliyoungua. Alisimama ubavuni mwa mlango wa chumbani, upande wenye giza. Nikaona mkono tu. Hina kwenye kucha, maji yanatiririka kwenye kiwiko... tone, tone, tone. Mkono umeshika mfuko wa miraba, ule mkubwa tunaouita shangazi kaja.

Uso sikuuona. Nikapokea, nikashukuru, nikatoka, nikafunga mlango kwa ufunguo.

Hatua chache nikasimama. Wewe Bilali, umemfungia mtu ndani.

Nikarudi. Nikafungua. Nikawasha tochi ya simu.

Hakuna mtu.

Chumbani hakuna. Jikoni hakuna. Chini ya kitanda hakuna. Sakafu kavu, kavu kabisa, kama haijaguswa na maji wiki nzima. Na mfuko mkononi mwangu ulikuwa na joto chini, kama umetoka kutuliwa kwenye majivu.

Ufunguo nikaurudisha mbio. Bi Tatu akamulika mfuko kwa kibatari chake, akarudi nyuma. Mkono wa kuupokea ufunguo hakuutoa.

"Uweke chini," akasema. "Chini, mwanangu."

Safari ya kurudi sitakutilia chumvi. Mfuko niliufunga kwa mpira kwenye siti ya abiria. Pikipiki ikakaa nyuma kama imepakia mtu. Kwenye vilima ilikoroma. Mimi nimebeba abiria miaka, uzito naujua kwa makalio. Ule haukuwa uzito wa nguo. Ulikuwa wa mtu mmoja... na kidogo. Mara mbili nikahisi kitu cha mviringo, kigumu, kikinigusa mgongoni kila nikifunga breki. Sikugeuka. Ndiyo, mimi.

Shemeji Latifu nikamkuta amekaa kitandani anamenya chungwa, mzima kuliko mimi. Akanikejeli kwamba nilivyochelewa lazima pikipiki niliiburuza kwa kamba. Wagonjwa wa jirani wakacheka. Raudha akauweka mfuko miguuni pake, akafungua zipu.

Juu kulikuwa na doti ya kanga. Chini yake pamba. Wembe ndani ya karatasi yake. Uzi. Glovu. Shuka la plastiki, lile la kutandika kitanda cha kuzalia. Mwisho kabisa, kofia ya sufu, ndogo, ya kuenea kwenye ngumi yangu.

Raudha akanitazama kama anataka kucheka. "Bilali, mgonjwa wa presha umemletea vitu vya uzazi?"

Latifu hakucheka. Chungwa lilimdondoka.

"Huu mfuko niliuchoma," akanong'ona. "Kwa mikono yangu."

Sasa elewa. Dada yangu alipofikisha miezi saba alipanga mfuko wake kama wanavyopanga wanawake wote, akauweka nyuma ya mlango, tayari kwa safari ya ghafla. Uchungu ukamjia jioni. Latifu akasema wanawake wa ukoo wake huzalia nyumbani, hawaendi kuvuliwa nguo mbele ya wanaume. Akafunga mlango kwa nje, akakaa barazani na ufunguo mfukoni. Bi Tatu alisikia kila kitu. Alikuja kuniambia mwenyewe, msibani, huku analia. Dada alitambaa mpaka mlangoni, akawa anabisha hodi kutoka ndani. Ndani ya nyumba yake mwenyewe, anaomba kutoka. Hodi, hodi, mpaka kukakaribia kucha. Hakwenda mtu, maana mume alikuwa barazani. Walizikwa pamoja, yeye na mwanawe.

Siku ya arobaini nguo zake zilifuliwa zikagawiwa. Mfuko ule hakuna mwanamke aliyeupokea. Latifu akauchoma nyuma ya choo.

Basi pale wodini akashika tumbo.

Mwanzo alikunja uso tu. Kisha akapiga magoti juu ya kitanda, akauma shuka, akatoa mngurumo ambao kila mwanamke aliyekuwa pale aliujua. Akina mama waliokuja kuuguza waume zao wakatazamana, hakuna aliyethubutu kuutaja. Nesi akaja, daktari akaja. Presha nzuri. Tumbo laini. Wakamchoma sindano. Maumivu yakapungua... yakarudi. Yakapungua... yakarudi.

"Nifungulieni mlango," akasema.

Raudha akamwambia mlango uko wazi, mume wangu, tazama.

"Nifungulieni."

Akaanza kugonga chuma cha kitanda kwa vidole. Taratibu. Ko, ko, ko.

"Hodi... hodi..."

Raudha akatoka koridoni akampigia babu yake wa Kisarawe, mzee anayeyajua mambo haya. Akarudi mbio, machozi yamemjaa. Babu amesema mfuko wa namna hiyo hautoki bila maneno. Aliyeupokea aliambiwa neno, au alijibu neno. Alitaje hapo hapo mbele ya mgonjwa, aseme amelitengua, na mgonjwa atapona.

Akanishika shati kwa mikono miwili. "Bilali mdogo wangu, alikwambia nini?"

Latifu naye akanitazama, jasho linamtiririka, macho ya mtu anayezama.

Nikasema hakuniambia kitu. Alisema nimeshapanga, akanipa, basi.

Kabla ya alfajiri shemeji alikufa. Daktari alisema moyo, na mimi sina elimu ya kumbishia. Shuka lake lilikuwa limeloa chapachapa, na maji hayakuwa ya jasho. Mfuko uliokuwa chini ya kitanda haukuonekana tena.

Hiyo ndiyo hadithi niliyomsimulia Raudha, mama, Dotto na kila mtu. Wewe umenisikiliza bila kubisha, kwa hiyo nikumalizie.

Uso niliuona.

Tochi ya simu nilikuwa nimeshaiwasha tangu mlangoni. Alikuwa Mwanaasha, na tumbo lake, na kovu lake la nyusi. Mfuko alinyoosha lakini hakuuachia. Aliniuliza kwa upole, kama alivyokuwa akiniuliza nikitoka kucheza kama nimekula.

"Arudi, mdogo wangu? Au asirudi?"

Nilijua anamsema mumewe, sikufikiri. Nikasema, "Asirudi, dada."

Ndipo akauachia.

Na pale wodini, Raudha ameng'ang'ania shati langu, neno lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Nilimtazama Latifu akigonga kile chuma, nikalimeza.

Watu wanasema siku hizi sipiti Kisarawe kwa kumwogopa marehemu. Dada yangu nimwogope nini? Naogopa akiniuliza tena, kuhusu mtu mwingine, nitamjibu vilevile kabla hajamaliza.