Mzigo wa Mzamiaji

Benadeta ndiye aliyemwona. Ilikuwa Jumatano, jua halijavuka migomba ya Ihanda, naye ameshuka na ndoo yake mpaka bwawa la Nyakashenye kama kawaida, maana bomba ambalo mradi wa maji ulilisimamisha mlangoni kwake lilikuwa halijatoa hata tone tangu lisimamishwe. Aliinama penye jukwaa la chuma. Kiangazi kilikuwa kimeyapunguza maji, na chini akaona kitu cha njano, akadhani ni dumu la mtu limezama. Akalitazama vizuri. Lilikuwa limefungwa mgongoni mwa mtu.

Sajenti Kokwijuka alifika saa tatu kwa bodaboda; gari la kituo halikuwa na mafuta, na hilo halikumshangaza yeyote. Vijana walikuwa wameshamtoa marehemu na kumlaza kwenye nyasi. Alikuwa Jovitus Byarugaba, mzaliwa wa pale pale Ihanda, mzamiaji, aliyeitwa na mradi kuja kuangalia kwa nini bomba la kuvutia maji halivuti. Amevaa suti nyeusi ya mpira, mtungi wa hewa wa njano mgongoni, na mikanda mipya ya rangi ya chungwa iliyopita mabegani, kifuani na kiunoni. Kisogoni alikuwa na jeraha. Kamba ya usalama iliyotoka kiunoni mwake ilikuwa imekatwa.

"Msimguse tena," Kokwijuka alisema, akapiga picha kifungo kimoja kimoja.

Kiunoni kulikuwa na mkanda wa vyuma vizito, ule unaomzamisha mtu. Juu ya mkanda huo ulipita ukanda mwingine, unaotoka mgongoni kupitia katikati ya mapaja. Ulikazwa sana, na ncha yake ikachomekwa chini kwa ustadi, isilegee.

Msimamizi wa mradi, Nestory Ndyamukama, mtu mnene mwenye kofia ya mradi, alisimama kando akijifuta jasho.

"Pole kwa msiba, mzee. Ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Leo leo, afande. Saa kumi na mbili na nusu. Amevaa vifaa vyake hapa hapa jukwaani, mimi namtazama. Akazama. Nikapanda kilimani kutafuta mtandao nipige simu. Narudi, kamba imekatwa, na Telesfori anaondoka mbio na panga."

"Alivaa mwenyewe?"

"Mwenyewe. Mimi najua wapi mambo hayo? Alichagua ile mikanda mipya, akavaa kama anavaa koti."

"Na jeraha?"

"Amejigonga kwenye bomba huko chini. Kamba imekatwa, atarudi juu vipi?"

Telesfori Kashaija alikamatwa shambani kwake akikata majani makavu ya migomba. Kila mtu Ihanda alijua kisa chake. Mkewe Stephania alianguka na dumu la maji kwenye mteremko wa bwawani, akafa, mwezi uleule ambao wakubwa walikuja na magari yao kukata utepe wa mradi. Kwenye mkutano wa kijiji Telesfori alisimama akasema mbele ya watu: mtu wa mradi huu akifa, mimi sishiki jembe kumchimbia kaburi. Kwa watu wa kule neno hilo ni zito kuliko tusi. Kaburi huchimbwa hata la mchawi.

"Jana asubuhi ulikuwa bwawani?" Kokwijuka alimuuliza kesho yake, kituoni.

"Nilikuwa. Unadhani maji ya uji yanakuja yenyewe?"

"Na panga?"

"Mimi ni mkulima, binti yangu. Ungenikuta na kalamu ndiyo ungeshangaa."

"Ulikimbia."

"Nilimwona Nestory amesimama jukwaani peke yake, anatazama maji. Sikutaka salamu yake. Mtu akinikimbiza kwa uso wake, nayo ni kesi?"

"Mzee Telesfori, mkuu wangu anataka upelekwe mahakamani Jumatatu. Kesi ya kuua haina dhamana. Nisaidie."

Telesfori alicheka bila furaha. "Stephania alipokufa nani alipelekwa mahakamani? Andikeni mnavyotaka. Nyie na wao mnakula chungu kimoja."

Mkuu naye alikuwa ameridhika. Kuna tishio, kuna panga, kuna shahidi mwenye kofia. Alimwambia sajenti asipoteze muda.

Alhamisi mchana alifika Agnetha, mzamiaji mwenza wa marehemu, kutoka Muleba, ambako wawili hao walikuwa wakitoa mitumbwi na injini zilizozama ziwani. Macho yake yalikuwa yamevimba. Kokwijuka alimwonyesha picha. Agnetha aliziangalia moja moja, kisha akarudia ile ya kiunoni.

"Nani amemfunga hivi?"

"Tunaambiwa alijifunga mwenyewe."

"Hapana, dada. Ukanda wa mapajani unafungwa kwanza. Mkanda wa vyuma unakuja mwisho, juu ya kila kitu, ili ukipata shida uuvute kwa mkono mmoja udondoke nawe upande juu. Hapa mkanda wa vyuma umefungiwa ndani. Hata mwanafunzi wa siku ya kwanza hafanyi hivi."

"Na mikanda yenyewe?"

"Hii siyo yake. Yake ni ya kijivu, imechakaa, ina kifungo cha kufungulia begani kushoto. Bega hilo alivunjika kwa pikipiki, mkono haupandi. Siku anachagua mikanda tulishinda dukani kutwa, anajaribu, anavua. Ile isiyofunguka begani ilimshinda kabisa, mkono ulikuwa hauingii. Nikamtania, Jovi, unachagua mikanda kama bibi harusi anachagua gauni. Akaniambia, Agnetha, gauni likibana huzami nalo."

Akairudisha picha mezani, akaendelea.

"Halafu Jumatano azamie nini? Jumanne jioni alinipigia, kazi imekwisha. Aliufuata mrija wa kuvutia maji mpaka mwisho wake akaushika kwa mkono. Umeishia kwenye matete. Kwenye kina haujafika wala haukuwahi kufika. Alisema anakwenda kumwambia msimamizi, halafu awaambie watu kijijini."

Jioni hiyo Kokwijuka aliomba ufunguo wa stoo ya mradi. Nyuma ya mifuko ya saruji ilining'inia mikanda ya kijivu, kifungo begani kushoto, mishono yake bado na unyevu.

Ijumaa asubuhi aliwaita wote jukwaani: Nestory, Agnetha, na Telesfori mwenye pingu. Watu wa Ihanda walisimama ukingoni na ndoo zao. Sajenti alitandika chini seti mbili za mikanda, ya chungwa na ya kijivu, na mkanda wa vyuma kando.

"Mzee Nestory, wewe ndiye shahidi wetu. Tuonyeshe alivyovaa. Konstebo Deodatus atakuwa Jovitus."

"Si nimeshaeleza, afande."

"Macho yanaeleza vizuri zaidi."

Nestory aliinama akihema. Alichukua ya chungwa, akampitisha konstebo mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Akamfunga mkanda wa vyuma. Mwisho akauvuta ukanda wa mapajani, akaupitisha juu ya ule wa vyuma, akaukaza kwa goti, ncha akaichomeka chini. Vidole vyake vilifanya haraka, bila kuuliza.

Ukingoni Benadeta akasema kwa sauti, "Tazameni, anafunga kama zamani alipokuwa anapeleka ndizi sokoni Kayanga kwa baiskeli."

Watu wakacheka. Nestory hakucheka.

Kokwijuka aliweka picha ya marehemu kando ya kiuno cha konstebo. Fundo lilikuwa lilelile, na ncha imechomekwa palepale.

"Mzigo wa ndizi unafungwa usidondoke," alisema. "Mzigo wa mzamiaji unafungwa ili udondoke. Aliyemfunga Jovitus alitaka abaki chini."

"Kila mtu hapa anafunga ndizi," Nestory alisema. "Hata Telesfori huyo."

"Kweli kabisa. Ndiyo maana sikukukamata kwa fundo." Akamgeukia konstebo. "Deodatus, vua. Mkono wako wa kushoto usipande juu ya kifua. Sasa vaa mwenyewe."

Konstebo alijaribu. Akajipinda, akazunguka, akajaribu kutangulia na wa kushoto. Mkono haukuingia. Kicheko cha ukingoni kilikwisha chenyewe.

"Jovitus alikuwa na bega la namna hiyo," Kokwijuka alisema. "Mikanda yake iko stoo, bado mbichi. Wewe umesema ulimtazama akivaa hii kama koti. Telesfori hajasema alimwona mtu akivaa, wewe ndiye umesema. Mzee, uliona nini?"

Nestory alivua kofia.

"Nilidhani mtu atachagua mpya," alisema. "Nani anaacha kipya?"

"Jumanne jioni alikuambia nini?"

"Kwamba mrija ni mfupi. Nikamwomba anyamaze. Nikamwambia, Jovitus, mimi nimeukuta hivyo, nimewekwa tu hapa, wakubwa wanajua. Akasema atawaambia watu. Akanigeuzia mgongo. Spana ilikuwa mkononi. Usiku nikamvisha vifaa, nikamshusha majini." Akaigeuza kofia mikononi. "Kamba niliikata asubuhi, nilipomwona Telesfori anakuja na panga. Walinikabidhi kitu kibovu, afande, wakaniambia nikilinde."

"Wakubwa hawakumvisha Jovitus. Wewe ulimvisha."

Pingu zilihama kutoka mikono ya Telesfori kwenda kwa Nestory. Telesfori alisugua vifundo vya mikono.

"Na waliokata utepe?" aliuliza.

Kokwijuka alifunga mfuko wa ushahidi. "Nitaandika yote aliyosema."

"Utaandika. Atasoma nani?"



Jumamosi walimzika Jovitus nyumbani kwao, kwenye migomba. Mkubwa mmoja aliyekata utepe alituma shada la maua ya plastiki. Kabla ya jua Telesfori alikuwa amefika kwa baiskeli, jembe limefungwa nyuma kwa mpira. Watu walimtazama, wakakumbuka neno lake la mkutanoni. Alichimba tangu mwanzo mpaka mwisho, akakataa kupokewa jembe.

"Huyu aliushika mwisho wa bomba kwa mkono wake," alisema akiwa ndani ya shimo. "Hakuwa mtu wa mradi."

Baada ya maziko walipanga mstari wa kunawa mikono. Uani kwao nako lilisimama bomba la mradi, rangi yake ya buluu bado mpya. Hakuna aliyelisogelea. Walinawa kwa ndoo ya Benadeta, maji ya bwawani.