Ubao wa Maktaba na Shamba la Risper

Kila asubuhi Risper aliamka kabla ya kuku. Aliwasha moto, akapika uji, akawaamsha Marion na Wesley waende shule. Kisha alianika omena zake, dagaa wa ziwani, juu ya wavu kuukuu nyuma ya nyumba. Akimaliza, alisimama kidogo mbele ya kaburi la mumewe, Gordon. Kaburi lilikuwa kando ya nyumba, upande wa kushoto wa lango. Udongo wake ulikuwa bado haujakaa vizuri, kwa maana Gordon alikuwa amefariki mwezi wa pili mwaka huo, baada ya homa ndefu.

Watu wa Karungu walimsalimu Risper kutoka barabarani. Yeye naye alijibu akiwa ndani ya lango lake. Mjane mpya haingii katika boma la mtu mwingine mpaka mila zimalizike. Hakanyagi shamba la mwenzake pia. Akikanyaga, watu husema ameleta chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, na mimea itakauka na watoto wataugua. Sokoni walimvumilia, kwa sababu soko si boma la mtu. Kanisani alikaa kiti cha nyuma kabisa. Hayo yote Risper aliyavumilia bila kunung'unika, kwa kuwa alikuwa mtu wa amani. Mtu wa amani, ndugu msomaji, huonewa kwa urahisi sana.

Asubuhi moja ya mwezi wa tisa, mwaka 1996, alisikia mijeledi na sauti ya mtu akiwafokea ng'ombe. Akatoka nyumbani mbio. Joash, ndugu wa marehemu mumewe, alikuwa akilima kwa plau katika shamba la chini. Shamba hilo ndilo lililowalisha Risper na watoto wake.

"Yuora!" Risper aliita, kama mwanamke wa Kijaluo anavyomwita shemeji yake. "Yuora, hilo ni la Gordon!"

Joash aliwasimamisha ng'ombe. Hakuonekana kuwa na haraka.

"Gordon ameenda," alisema. "Shamba halikai bila mwanaume."

"Watoto wake wapo."

"Watoto ni wa ukoo. Hata wewe ni wa ukoo, kama ungekubali. Nilikuuliza mara tatu nikurithi, ukanyamaza." Akashika tena mikono ya plau. "Sasa sikuulizi tena. Watu wa kupima walikuja, na shamba limeandikwa jina langu. Serikali imeandika. Enda uulize."

Ng'ombe wakaendelea. Plau ilipindua udongo mweusi mpaka karibu na kaburi.

Risper alirudi nyumbani, akaketi kwenye kizingiti. Hakulia. Alikuwa amekwisha kulia yote mwezi wa pili. Aliwaza arudi kwao Kadem, lakini huko kaka zake walikuwa na wake na watoto wengi, na nyumba ya mama yake ilikuwa imeanguka. Akawaza pia juu ya Marion, msichana wa miaka kumi na miwili. Wangekula nini? Omena peke yake haiwezi kulisha watu watatu. Akahisi amekwisha kabisa.

Watu wa kupima mashamba walikuwa wamekuja kweli. Ilikuwa mwezi wa tano. Waliita wenye mashamba wote wasimame kwenye mipaka yao. Risper alitaka kwenda. Lakini Teresa, mama mkwe wake, alimwambia, akimwita binti wa Kadem kwa Kijaluo, "Nyar Kadem, kaa nyumbani. Kupima ni kukanyaga mashamba ya watu. Mahindi ya majirani yamefika magotini. Unataka yakauke, tusemwe?" Kisha akasema, "Joash atakusimamia. Kaburi la Gordon liko pale. Nani asiyejua shamba ni la nani?"

Risper akaamini. Kwa Wajaluo, mtu huzikwa katika ardhi yake, na kaburi ni ushahidi kuliko mashahidi wote. Basi alikaa nyumbani siku hiyo akichambua mboga, wakati shemeji yake akitembea na maafisa kutoka kona moja hadi nyingine. Hilo ndilo kosa alilolifanya, na alilifanya kwa heshima.

Jumatano ilikuwa siku ya soko. Risper alipeleka omena, lakini siku hiyo hakuwa na nguvu hata ya kuita wateja. Saa sita alifunga gunia lake, akatembea tu bila kujua anakokwenda. Akajikuta mbele ya maktaba.

Maktaba ya Karungu haikuwa kitu cha kujivunia. Kilikuwa chumba kimoja, zamani ghala la pamba, na ukiingia ungedhani bado unasikia harufu ya magunia. Mwenye kuitunza alikuwa Mong'ina, mama wa Kikisii, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mong'ina alikuwa na desturi yake. Kila aliyerudisha kitabu alitakiwa kusema kitabu hicho kimemfaa nini, na Mong'ina aliandika maneno yake kwa chaki kwenye ubao mkubwa barazani. Hiyo ilikuwa nusu ya kushoto. Nusu ya kulia aliandika mambo ya hapo kwao: chanjo, baraza la chifu, michezo ya shule.

Risper alikuwa amesoma gumbaru, darasa la watu wazima, kwa miaka miwili kabla mumewe hajaugua. Alisoma polepole, akisogeza midomo.

"Bichage, kinyozi, asema: Kitabu cha magonjwa ya kuku ni kizuri sana, ila nilikisoma jogoo akiwa amekwisha kufa."

Hakucheka. Akahamia nusu ya kulia.

"Chanjo ya watoto, Alhamisi, zahanati. Rejista ya mashamba yaliyopimwa iko wazi ofisi ya ardhi, Migori. Nenda usome jina lako. Pingamizi mwisho Ijumaa, tarehe 27."

Alisoma mara tatu. Mong'ina akatokea mlangoni.

"Karibu ndani, mama. Jua kali."

"Siwezi kuingia, mwalimu. Mimi bado ni mjane mpya. Nitakuletea mkosi."

Mong'ina alimtazama juu ya miwani. "Mimi ni Mkisii, mila zenu zote sizijui, na siwezi kukulazimisha. Ngoja."

Akaleta viti viwili nje. Akaketi kimoja, akampa Risper kingine. "Sasa sema. Umesoma huo ubao kama mtu anayesoma barua ya msiba."

Risper akamweleza yote. Sauti yake ilikuwa ndogo. Alimaliza na plau iliyofika karibu na kaburi.

"Pole sana," Mong'ina alisema. "Lakini nisikilize vizuri. Shamba lako bado halijapotea."

"Limeandikwa."

"Limeandikwa kwa rejista, lakini rejista bado haijafungwa. Wakimaliza kupima, serikali huacha siku sitini. Siku hizo ni za mtu kwenda kusoma na kuona kama wameandika sawa. Kama si sawa, unaandika pingamizi, unapeleka kwa afisa wa ardhi. Ni lazima asikilize."

"Na siku zikiisha?"

"Zikiisha, jina lililoko ndilo linatengenezewa title, hati ya kumiliki. Hapo kulitoa ni kazi ngumu mno." Mong'ina alihesabu kwa vidole. "Leo tarehe kumi na nane. Zimebaki tisa."

"Mwalimu, mimi nilidhani kaburi linatosha."

"Wengi wanadhani hivyo. Mwenye kaburi anajulikana na majirani. Afisa wa Migori hamjui. Yeye anajua kile kimeandikwa."

Akaingia ndani, akatoka na kitabu chembamba kilichochakaa, kinachoeleza sheria za ardhi kwa Kiswahili rahisi. "Hiki nampa kila mtu, wananirudishia wakisema ni kigumu. Wewe jaribu. Kina mfano wa barua ya pingamizi. Utaandika jina lako, shamba lilipo, nani alikuwa nalo, na kwa nini jina lililoandikwa si sawa. Andika pia majina ya watu wanaojua mpaka. Usitukane mtu hata kidogo. Afisa hataki matusi, anataka habari."

Risper alisoma kitabu hicho siku nne. Maneno mengine yalimshinda, akayaruka. Aliandika barua, akaichana, akaandika nyingine. Mara mbili alitaka kuacha. Kwani yeye ni nani wa kushtaki ukoo? Wangesema amemuua mume, sasa anataka kuuua mji. Angepata shamba, naam, na akaishi ndani yake kama mkoma. Lakini kila asubuhi alisikia plau.

Jumanne alifika Migori, ambako hakuna aliyemjua kuwa mjane. Karani akamfungulia daftari kubwa mezani, akamwonyesha ukurasa. Risper alipitisha kidole chini ya majina. Shamba 214, Joash. Hilo ni lake kweli. Shamba 215, Joash. Hilo ndilo la Gordon. Kidole kikashuka mstari mmoja zaidi, kikasimama. Shamba 216, Joash. Lakini 216 lilikuwa la Teresa, mama mzazi wa Joash. Shamba ambalo bibi huyo alilima kwa mikono yake tangu ujana.

Karani aliipokea barua ya Risper, akagonga muhuri, akampa nakala. "Utaitwa," alisema.

Jioni hiyo hiyo Risper alimwendea mama mkwe wake, akasimama nje ya lango.

"Mama, nimesoma rejista. Shamba lako limeandikwa jina la Joash. Zimebaki siku tatu. Twende kesho, nitakuandikia barua."

Teresa alikuwa akipepeta mtama. Hakuinua macho. "Joash nilimzaa mimi."

"Najua, Mama."

"Mtu anamshtaki mtoto aliyemnyonyesha? Wewe umekuja na sanduku la nguo. Usiniletee maneno ya ofisi katika nyumba yangu."

Risper alirudi Jumatano, akafukuzwa. Alhamisi Teresa alifunga mlango. Ijumaa ikapita.

Kisha ikaja miezi miwili mibaya. Wateja wa omena walipungua. Mtu alikata ua wake wa ojuok, ule mmea wenye maziwa makali, usiku watu wakiwa wamelala. Shuleni Wesley aliambiwa mama yake atakufa kabla ya Krismasi. Risper alikwenda maktaba, akaketi nje, na Mong'ina akaketi naye.

Mwisho wa mwezi wa kumi na moja afisa wa ardhi alikuja Karungu. Watu walijaa mpakani kuliko siku ya mazishi. Joash alisema kwanza.

"Mheshimiwa, siku ya kupima huyu mama hakuwepo. Mwenye shamba huwepo. Mimi ndiye nilikuwepo."

Afisa akamgeukia Risper. "Ni kweli hukuwepo?"

"Ni kweli. Nilikuwa mjane wa miezi mitatu. Kwa mila yetu nisingekanyaga mashamba ya watu. Niliambiwa yuora atanisimamia, na mimi nikaamini." Akanyoosha mkono kuelekea kona ya shamba. "Naomba niuonyeshe mpaka sasa."

Akatembea. Watu wakashika pumzi. Alipita kona ya mkonge, jiwe jeupe, kisima kikavu, mpaka akarudi kwenye kaburi. Wazee wawili wa kamati ya kupima mashamba walitikisa vichwa kukubali.

Afisa akauliza, "Kuna mtu wa ukoo wa kusema?"

Teresa alikuwa amesimama nyuma, ameshika fimbo. Joash alimtazama mama yake kwa macho makali.

"Mama, wewe wajua," Joash alimwambia. "Shamba hili lilikuwa la nani?"

Bibi aliegemea fimbo yake, na afisa akaanza kufunga faili.

"La Gordon," Teresa alisema. "Baba yao alimgawia nikiona. Hilo ndilo naweza kusema."

Wiki tatu baadaye barua ya uamuzi ilifika. Shamba 215 liliandikwa upya kwa jina la Risper, kwa ajili yake na watoto wa Gordon. Mong'ina aliisoma barua, akavua miwani, akapangusa macho bila kuona haya. Risper alifurahi, lakini furaha yake ilikuwa imechoka.

Joash hakusubiri mwaka uishe. Alimpa mkulima wa tumbaku shamba 216. Trekta likaja, likang'oa mihogo ya Teresa yote siku moja. Bibi alikwenda kwa chifu. Chifu alifungua karatasi zake, akamwambia kwa upole kwamba jina lake halimo na siku zilikwisha kupita. Joash, mwanawe mwenyewe, hakumfungulia mlango.

Mvua kubwa zilianza mwishoni mwa mwezi wa pili. Risper alikuwa shambani na mbegu kwenye kikapu. Akamwona Teresa amesimama mpakani. Hakuingia.

"Nyar Kadem. Uliponiambia, jina langu kweli halikuwemo?"

"Halikuwemo, Mama."

"Ulilisoma kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu."

Teresa aliitazama mikono yake. "Sijawahi kukaa msimu mmoja bila kupanda," alisema. "Tangu nikiwa msichana."

Risper angeweza kusema mengi. Alikuwa nayo tumboni miezi mingi. Kwa Wajaluo, mtu mdogo hapandi mbegu kabla ya mkubwa wake, na yeye tangu alfajiri alikuwa ameshika jembe bila kuchimba hata shimo moja. Akatembea mpaka mpakani, akamwekea bibi kikapu mikononi.

"Ingia, Mama," alisema. "Anza wewe, ndipo nami nipande."