Mashavu ya Tabea

Mjinga wa siku zile nilikuwa mimi, na kazi hiyo niliifanya bila msaidizi.

Kila asubuhi nilishuka kutoka Akheri kwenda shule pamoja na jirani yetu, Tabea binti Sumari. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, nasi tulikuwa darasa la nne, tukijiandaa kwa mtihani wa kuingia shule ya kati. Tabea alikuwa na pumu kali. Daktari wa misheni alimpa vidonge vipya kutoka Ulaya, akaanza kupumua vizuri. Uso wake nao ukajaa, mashavu yakawa ya mviringo.

"Hujambo, Mama Boga?" nilimsalimu kila siku, na wenzetu wakacheka. Kwa kweli nilimwonea wivu. Mimi nilikuwa mwembamba kama ufito, na kwetu unene ndio uzima.

"Utaacha lini, Mika?" aliniuliza.

"Nipe vidonge vyako. Mimi nipate mashavu, wewe yakutoke, nami ninyamaze."

Akanipa. Mama yake alipompa kidonge, alikificha chini ya ulimi, kisha njiani akanitemea kiganjani. Mashavu sikuyapata. Nilipata njaa tu, nikachapwa kwa kumaliza chungu cha ndizi.

Wiki ya pili Tabea alitapika darasani, akaishiwa nguvu, kifua kikambana. Wanaume walimbeba kwa machela hadi hospitali. Nikawafuata.

"Amekosa dawa?" daktari aliuliza.

"Hata siku moja. Nampa mwenyewe," mama yake akajibu.

Midomo ya Tabea ilikuwa imebadilika rangi.

"Hakumeza," nikasema. "Nilimeza mimi."

Daktari hakunitazama. Alimdunga sindano, akakaa naye mpaka pumzi ikarudi. Nesi Tekla ndiye aliyenishika sikio.

"Mwili huizoea dawa hii. Ukiikatiza ghafla, mwili unaanguka. Daktari peke yake ndiye huipunguza, kidogo kidogo. Na dawa ya mwenzako haiwi yako, hata akikupa kwa mikono miwili. Umesikia?"

"Nimesikia, Nesi."

Mtihani ulifanyika Tabea akiwa bado kitandani. Hakupewa mwingine. Mimi nilifaulu.

Siku ya kuondoka kwenda shule ya kati nilipita kwao kumuaga. Nilimkuta akimenya ndizi.

"Lakini Tabea, mimi sikukuibia," nikasema. "Ulinipa mwenyewe."

Hakuinua uso.

"Nilikupa ili unyamaze, Mika. Na mpaka leo bado unasema."