Wakili wa Wifi

Kila asubuhi Daktari alifungua dirisha kabla ya kufungua mlango wa kliniki. Alisema anataka hewa. Muuguzi wake alijua kwamba si hewa tu. Dirisha lile lilitazama barabara, na ng'ambo ya barabara kulikuwa na kliniki nyingine. Mwenye kliniki hiyo alikuwa daktari pia. Tena alikuwa wifi yake, dada wa mumewe.

Asubuhi moja Daktari alikuwa anampima mtoto uzito. Mtoto alilia na kurusha miguu. Mama yake alimshika mkono. Daktari alisimama kando ya mizani, lakini macho yake yalikuwa nje.

"Ameleta mabenchi mapya," alisema.

"Nani?" mama wa mtoto aliuliza.

"Daktari," Muuguzi alisema kwa upole, "mgonjwa yuko huku."

Daktari akarudisha macho ndani. Alikuwa daktari mzuri. Alimtazama mtoto masikio na koo, akamsikiliza kifua, akaandika dawa. Alimweleza mama namna ya kumpa mtoto dawa hiyo. Mama akatoa kadi ya bima, akaweka sahihi, akashukuru, akaenda zake.

Kadi hiyo ndiyo iliyokuwa na shida. Wagonjwa wengi wa Daktari walikuwa na bima ya kampuni moja. Daktari aliwatibu kwanza. Kisha alipeleka madai, na kampuni ikamlipa baadaye. Mkataba wake na kampuni ulitaja bei ya kila huduma. Lakini tangu mwaka uliopita kampuni ilikuwa inalipa pungufu. Ilisema bei zimebadilika. Daktari alinung'unika, akapokea, akanyamaza.

Sasa alikuwa nyuma katika kodi ya kliniki. Mwenye nyumba alikuwa amechoka kungoja. Alimpa miezi miwili. Asipolipa, arudishe funguo.

Na ng'ambo ya barabara, mabenchi mapya!

Jumapili familia ilikutana kwa mama mkwe. Walipokuwa wanakula, mama mkwe alisema:

"Mmeyaona mabenchi ya mwanangu? Ukikaa hutaki kuinuka."

"Wagonjwa wasipoinuka, mama, watarudi kwao lini?" Daktari aliuliza.

Watu walicheka. Wifi naye alicheka.

"Wifi yangu ana maneno!" alisema. "Lakini nisikilize. Hata mimi kampuni ya bima ilinikata. Nikaenda kwa wakili. Wakarudisha bei ya mkataba. Nikupe namba yake?"

"Wakili? Kwani nimeua mtu?"

"Si lazima uue, wifi. Kudhulumiwa kunatosha."

Daktari aliona kwamba Wifi anajionyesha mbele ya mama mkwe. Pengine alikuwa anajionyesha kidogo. Pengine alitaka tu kusaidia. Mtu anaweza kufanya yote mawili kwa pamoja.

"Ahsante, wifi. Mambo yangu yanakwenda vizuri," Daktari alisema. Akaomba chumvi, ingawa chakula kilikuwa na chumvi ya kutosha.

Wakiwa njiani kurudi nyumbani, mumewe aliuliza, "Kwa nini hukuichukua namba?"

"Siwezi kuvaa kiatu alichokivua dada yako."

"Mke wangu, yule ni wakili. Si kiatu."

"Wewe ni wa kwao. Utamtetea tu."

Mumewe akanyamaza. Alikuwa ameoa kwa miaka mingi na alijua saa ya kunyamaza.

Siku chache baadaye, afisa wa kampuni ya bima alikuja kliniki. Alinukia manukato. Alitabasamu, akaweka karatasi mezani.

"Daktari, tumekuja kukusaidia. Ukiweka sahihi hapa, tunakulipa wiki hii hii."

Daktari alisoma. Karatasi ilisema kwamba amekubali bei mpya. Ilisema pia kwamba hatadai tena pesa zote zilizokatwa nyuma.

"Yaani zile za mwaka mzima ndiyo basi?"

"Za nyuma tuziache nyuma, Daktari. Tutazame mbele."

Daktari alitazama dirishani. Pesa za wiki hii zingetosha kununua mabenchi. Tena mabenchi yenye mito. Wifi angefungua dirisha lake akayaona. Daktari akachukua kalamu.

"Kliniki zote zimekubali bei mpya," afisa alisema. "Umebaki wewe tu."

Kalamu ikasimama hewani.

"Zote? Hata ile ya ng'ambo?"

"Zote, Daktari."

Daktari alimtazama usoni. Alijua kwamba huo ni uongo, kwa sababu Wifi alikuwa amejisifu mbele ya familia nzima. Kama amedanganywa katika hilo, amedanganywa katika mangapi?

"Niachie karatasi. Nitaisoma tena."

"Nafasi hii ni ya wiki hii tu."

"Basi nitaisoma wiki hii."

Jioni alimwomba mumewe namba ya wakili; kumbe mumewe alikuwa ameichukua Jumapili ile ile. "Na dada yako asijue," alisema.

Ofisi ya wakili ilikuwa ghorofani, juu ya duka la fundi cherehani. Mashine za kushona zilisikika kutoka chini. Daktari aliingia amevaa miwani ya jua, ingawa mawingu yalikuwa yametanda. Wakili alikuwa mama mnene mwenye sauti ya chini. Alimkaribisha kiti.

"Kwanza niambie jambo moja," Daktari alisema. "Wifi yangu alilipwa kiasi gani?"

"Siwezi kukuambia habari za mteja mwingine."

"Kidogo tu."

"Hata kidogo."

"Na yeye akija kuuliza habari zangu?"

"Nitamjibu hivyo hivyo. Hiyo ni sheria ya kazi yangu."

Daktari akavua miwani. Jibu hilo lilimpendeza kuliko alivyotarajia.

Wakili alisoma karatasi ya afisa. Kisha akasoma mkataba, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na jedwali la bei lililokuwa nyuma yake.

"Usiweke sahihi," alisema. "Ukiweka, umesamehe pesa zote za nyuma. Mkataba wako unasema bei haibadiliki mpaka pande zote mbili zikubali kwa maandishi. Wewe ulikubali?"

"Hapana. Nilinyamaza tu."

"Ulipokea pungufu bila kuandika chochote?"

"Niliogopa wataniondoa kwenye orodha yao."

"Madaktari wengi huogopa hivyo. Lakini ukinyamaza, kampuni itasema umekubali. Kuanzia leo, kila ukilipwa pungufu, waandikie mara moja. Sema umepokea, lakini hukubali kwamba umelipwa yote. Weka nakala."

"Nilifikiri niwaombe wagonjwa waongezee kilichopungua."

"Usifanye hivyo. Mgonjwa amekwisha kulipia bima yake. Mikataba mingi inakataza, na wewe ndiye utakayeonekana mkosaji. Deni ni la kampuni."

Wakili alimwambia alete nakala za madai, na ushahidi kwamba kampuni iliyapokea. Alimwonya afiche majina ya wagonjwa katika nakala hizo, maana maradhi ya mtu ni siri yake. Kisha akamwandikia malipo yake ya uwakili, na kazi atakayofanya kwa malipo hayo. Wote wawili wakaweka sahihi.

"Nilimwakilisha wifi yako, na kazi yake imekwisha," wakili alisema. "Ninyi wawili hamdaiani, kwa hiyo naweza kukuwakilisha. Mngekuwa mnadaiana, ningekukatalia."

"Hatudaiani," Daktari alisema. "Tunatazamana tu."

Wakili aliiandikia kampuni barua ya kudai. Kampuni ilijibu kwamba kliniki zote za eneo lile zimekubali bei mpya, na kwamba Daktari naye alikubali kwa kunyamaza. Mkataba ulitaka pande zote zikae kwanza mbele ya msuluhishi. Siku ikapangwa.

"Tuna hoja nzuri," wakili alisema. "Ingekuwa nzuri zaidi kama daktari mwingine angekuja kusema kwamba hakukubali. Mimi siwezi kutoa siri ya faili la mtu. Kama unamjua daktari kama huyo, mwombe mwenyewe."

Daktari alimwelewa. Akainamisha kichwa.

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Tukishindwa kwa msuluhishi, tutakwenda kwa mamlaka inayosimamia bima, halafu mahakamani. Lakini ni safari ndefu. Mwenye nyumba wako atasubiri?"

Kesho yake Daktari alivuka barabara. Ilikuwa barabara nyembamba, lakini aliiona pana. Alikaa kwenye benchi jipya kungoja zamu yake. Lilikuwa zuri kweli. Jambo hilo lilimuudhi.

Wifi alipomwona, alishtuka. "Wifi! Unaumwa?"

"Siumwi. Au pengine naumwa. Nina wivu."

Wifi alifunga mlango. "Wivu na mimi?"

"Na wewe. Nimekuwa nikikuchungulia dirishani."

"Tunajua, wifi. Tunakupungia mkono kila siku, huitikii."

Daktari alifunika uso kwa mikono. Wifi alianza kucheka, na mwishowe Daktari naye akacheka. Kisha akaeleza yote: kodi, karatasi ya afisa, wakili, msuluhishi. Akamwomba aje aseme ukweli.

Wifi aliacha kucheka. Alitazama chini.

"Mimi wamekwisha kunilipa," alisema. "Nikija kusema, je, wakianza kunikata tena?"

Wivu wa Daktari ulikuwa umemwonyesha mabenchi tu. Haukumwonyesha kwamba Wifi naye anaogopa.

"Kama unaogopa, usije," alisema. "Sitakulaumu."

Mgonjwa alikohoa nje ya mlango.

"Ukifunga kliniki yako," Wifi alisema, "watakuja kunikata mimi, na hapatakuwa na wa kunisemea. Nitakuja. Lakini kwanza nimpigie wakili. Mkataba wangu usije ukawa unanikataza kutaja bei."

Wakili alisoma mkataba wa Wifi tena. Haukukataza.

Siku ya usuluhishi walikaa katika chumba kidogo chenye meza ndefu. Msuluhishi hakuwa wa upande wowote. Afisa alirudia maneno yake: kliniki zote zimekubali.

"Mimi sikukubali," Wifi alisema. "Na ninyi wenyewe mliniandikia kwamba mnarudisha bei ya mkataba. Kwangu ni haki, ng'ambo ya barabara si haki?"

Afisa alikunywa maji. Wakili akaonyesha kifungu cha mkataba, na madai ya Daktari, mwezi baada ya mwezi. Hakupaza sauti hata mara moja.

Mazungumzo yalichukua siku nzima. Jioni walikubaliana. Kampuni itarudisha bei ya mkataba. Pesa zilizokatwa itazilipa kwa mafungu mawili. Na tangu hapo madai yote ya Daktari yatalipwa ndani ya mwezi mmoja. Yote yakaandikwa, na pande zote mbili zikaweka sahihi.

Fungu la kwanza lilikuja kabla ya siku ya mwenye nyumba. Daktari alilipa kodi yote. Funguo zikabaki mkononi mwake, na Muuguzi akabaki kazini.

Baada ya muda kampuni ilileta mikataba mipya kwa kliniki zote mbili. Wifi alivuka barabara na wa kwake. Wakaketi meza moja, wakasoma mstari kwa mstari. Hakuna aliyegusa kalamu.

Ghafla Wifi akasimamisha kidole.

"Hapa! Wewe utalipwa ndani ya mwezi mmoja. Mimi wameniandikia miezi mitatu. Kwa nini wewe upate zaidi?"

Uso wake ulikuwa umekunjamana. Daktari aliujua uso huo. Ulikuwa kama wake mwenyewe. Alitulia kidogo, akaifurahia ile dakika. Hakuwa malaika.

Kisha akachukua mkoba wake.

"Inuka, wifi," alisema. "Twende kwa wakili wetu. Na wewe utaupata huo mwezi mmoja."