Foki ya Martini na Madumu ya Maji

Kila asubuhi Martini humpeleka binti yake shule kwa baiskeli. Wanaishi Mwandiga, na shule iko Gungu. Winfrida ana mguu mmoja dhaifu tangu utotoni, hivyo hauwezi mwendo ule kwa miguu. Bodaboda aliwahi kuanguka nayo, hataki hata kuisikia. Basi hukaa kwenye keria, nyuma ya baba yake. Wakifika kwenye mteremko hulikamata shati la baba mpaka vifungo vinataka kukatika.

Baiskeli ni ya gia, ya zamani, lakini imara. Ila foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ilikuwa imepinda.

"Mtihani wa darasa la saba ni Jumatano," Winfrida alisema. "Baba, tutafika?"

"Tutafika, tena kwa raha," Martini alijibu.

Jumamosi alikwenda sokoni akanunua foki iliyotumika, yenye shokapu. Alitaka mashimo ya njiani yasimtikise mtoto.

"Hii ni ya 29, mzee," muuzaji alisifu. "Kubwa, ngumu!"

Martini hakujua 29 ni kitu gani. Alisikia "kubwa", akaridhika. Tumsamehe, ni baba wa mtu, si fundi.

Nyumbani aliifunga mwenyewe. Iliingia kwenye shingo ya fremu bila shida. Gurudumu la zamani nalo likaingia. Lakini raba za breki hazikuigusa ringi. Zilikaa juu yake, zikawa zinabana tairi.

"Si ndiyo vizuri?" alimwambia mkewe, Regina. "Tairi ndiyo inayogusa barabara. Ukiikamata tairi, umeikamata baiskeli."

Regina alitazama, naye hakuelewa. Lakini amekulia kwenye nyumba ya wachukuzi wa mawese. Kwao, baiskeli iliyotoka kufungwa haipakii mtu. Inapakia maji kwanza.

"Weka madumu mawili," alisema. "Winfrida hapandi mpaka maji yaende na kurudi."

Martini alinung'unika, akapakia. Kwenye mteremko alibana breki. Raba zikausaga ubavu wa tairi. Pu! Tairi ikapasuka, baiskeli ikaserereka, vifuniko vya madumu vikaruka. Martini alikaa chini na goti lililochubuka, akayatazama maji yakikimbia barabarani. Pale kwenye keria palikuwa mahali pa Winfrida.

Jirani yake Jeremia, mwendesha bodaboda, alimsaidia kuinuka.

"Foki ya 29 inataka gurudumu la inchi 29, na lako ni la 26," alisema. "Mdogo wangu analo moja. Nitakuazima."

Jumapili walilifunga. Safari hii raba ziliibana ringi barabara. Martini akapiga makofi, na Regina akaleta madumu mengine.

Mteremko aliushuka salama. Tatizo lilikuja wakati wa kurudi. Kwenye mlima usukani ulikuwa mwepesi kama hauna kitu mbele yake. Gurudumu la mbele likainuka, baiskeli ikayumba kushoto na kulia. Martini akaruka chini kabla haijamwangusha.

Sasa alichanganyikiwa kabisa. Foki nzima. Gurudumu zima. Breki zinabana. Mbona haikubali? Aliizunguka baiskeli mara tatu. Alilaumu madumu, akalaumu barabara, akajilaumu mwenyewe. 26, 29, 29, 26. Namba zilimvuruga kichwa. Jumatatu Winfrida hakwenda shule. Alikaa mlangoni akipitia daftari lake. Kumwona hivyo kulimuumiza baba yake kuliko goti.

Jumanne Martini aliikokota baiskeli mpaka kwa fundi Asterie. Wazazi wa Asterie walitoka Burundi, na baba yake alishusha ndizi milimani kwa baiskeli miaka mingi.

"Amahoro, Mzee Martini," Asterie alisema. "Mbona baiskeli yako inaangalia mbinguni?"

"Fundi, sielewi. Nimefunga kubwa kwa kubwa, bado inanikataa."

Asterie alimwonyesha maandishi kwenye ubavu wa tairi ya nyuma. "Soma hapa."

"26."

"Na mbele?"

"29."

"Umeona? Foki na gurudumu la mbele vimekubaliana. Lakini fremu hukuiuliza. Fremu hii ilitengenezewa 26, mbele na nyuma. Foki ya 29 ni ndefu, na gurudumu lake ni refu. Mbele kumepanda, mzigo umerudi nyuma. Ukipanda mlima, gurudumu la mbele halina uzito wa kulikandamiza chini."

"Na lile gurudumu langu la kwanza? Si lilikuwa la 26?"

"Hizi breki zinashikwa na foki. Foki ya 29 inaziweka mahali pa ringi ya 29. Ringi yako iko chini zaidi, basi raba zikakuta tairi. Raba zibane ringi, mzee. Zikigusa tairi, usipande."

"Kwa hiyo kubwa siyo bora?"

"Bora ni inayolingana. Foki ya zamani iko wapi?"

Martini aliona haya. "Inazuia mlango wa banda la kuku."

"Ilete. Hiyo ndiyo kipimo chetu."

Martini aliileta. Asterie alipima urefu wake na unene wa bomba lake la juu. Kisha akatafuta foki ya 26 yenye shokapu fupi, iliyolingana nayo. Akalirudisha gurudumu la 26 na tairi mpya, na lile la 29 likarudi kwa mwenyewe.

"Siku nyingine nenda sokoni na ya zamani mkononi," alisema. "Muuzaji akisifu, wewe pima."

Jumatano asubuhi madumu yalikwenda na kurudi, bila tone kumwagika.

"Haya, sasa mtu," Regina alisema.

Kwenye mteremko Martini alibana breki. Baiskeli ikapunguza mwendo polepole, ikatii. Alingoja vifungo vya shati vivutwe. Mkono wa Winfrida ulikuwa umemshika, lakini kwa upole tu.

"Winfrida, upo?"

"Nipo, Baba. Napitia hesabu kichwani."

Walifika kabla ya kengele. Martini alimtazama akiingia darasani, akafuta macho, akasingizia vumbi.

Foki ya 29 nayo ilipata kazi. Sasa ndiyo inayozuia mlango wa banda la kuku, na huko hakuna aliyelalamika kwamba ni kubwa.